Mgongo Wangu Umestaafu

Wadogo zangu, mimi, dada yenu mnayemwita Ya Mauwa, ni mstaafu. Msicheke. Riziki, wewe hasa funga mdomo, maana kikwembe ulichojifunga sasa ndicho nilichobebea watoto miaka yote, na bado kinanuka kazi yangu. Nina miaka kumi na saba, niko darasa la mwisho la sekondari, na Egzetat, ule mtihani wa serikali, unaningoja kama mwalimu wa hesabu anavyowangoja wachelewaji mlangoni. Mama amesema mgongo upumzike ili kichwa nacho kipate zamu ya kufanya kazi. Mzee akistaafu kwenye reli hapa Kindu anapewa kiti na watu wanamwamkia kwa heshima. Mimi nilipostaafu nilipewa lundo la sahani nioshe.

Hata hivyo mtanisikiliza, kwa sababu ninyi ndio mnaorithi watoto, na sitaki mnirudishe nyuma.

Kazi mnaijua. Akina mama wa avenyu yetu wanaamka mapema, wengine wanakwenda sokoni, wengine wanavuka mto kwenda kwenye mashamba yao ya mpunga, na watoto wao wadogo wanabaki katika parsele, yaani kiwanja cha nyumba, ya Koko Zena, mama wa mama yangu, chini ya turubai iliyotobolewa na mvua. Nilianza nikiwa na miaka minane. Wakati ule nilidhani kazi ni kuzuia mtoto asianguke motoni. Hiyo ni kazi ya kuku. Kuku naye anazuia vifaranga wake wasikanyagwe, na hajasoma hata siku moja. Kazi yenu ni kumfungua mtoto, ajue yuko wapi, vitu vinaitwaje, na kwamba akiita kuna mtu.

Mimi nilianza kwa kufungua shule. Niliwapanga wachanga kwenye mkeka, nikashika kijiti kama mwalimu wetu, nikaandika herufi kwenye ukuta wa Koko. Nikapiga ukuta: "A. Mjibu wote." Mmoja alilala. Mmoja alikula chaki. Wa tatu alinijibu kwa njia iliyonilazimu kwenda kufua mkeka. Nikaongeza sauti, kwa sababu ndivyo walimu wanavyofanya, na shule yote ikalia.

Mama mdogo Mwavita, mdogo wa mama yangu, alikuwa mlangoni anachambua sombe, majani ya muhogo. Alicheka. Mama mdogo anacheka bila sauti, mabega tu yanapanda na kushuka, na nitawaambia sababu yake baadaye. Alipomaliza kucheka akanisogelea, akasema polepole, kwa sababu yeye maneno yake anayatoa kama mtu anayetoa chumvi ya mwisho.

"Mauwa, mutoto haiko mwanafunzi. Iko mugeni. Mugeni unamuonyesha nyumba."

Basi nikawaonyesha nyumba. Hiki kifuniko, sikia kinavyolia. Huu mchi, mzito, gusa. Huu mchele, unateleza, sivyo? Haya maji, baridi, ee, baridi kweli. Nikiosha mtoto, ninataja: mguu, mguu mwingine, tumbo, tumbo kubwa kama la diwani. Hamhitaji vitu vya dukani. Chukueni chupa tupu, tieni punje za mchele, mfunge sana, mtoto atatikisa mpaka achoke. Mpeni vifuniko vya ukubwa mbalimbali atafute kila kimoja cha sufuria gani. Mpeni gunzi la mahindi na kopo, atie, atoe, atie, atoe. Mtadhani anapoteza wakati. Ninyi mliosoma hesabu mlianza hapo, ila mmesahau.

Nimesema mfunge chupa sana. Shabani, wewe hukumbuki, ulikuwa mdogo, lakini pua yako inakumbuka. Mimi nilitia maharagi badala ya mchele, sikufunga vizuri, na haragi moja likaingia puani mwako. Nilikunusisha pilipili. Ukapiga chafya, haragi likaruka likampiga Koko kwenye paji la uso. Msimfanyie mtu hivyo. Haragi likiingia puani, mbebeni mtoto mwende kituo cha afya. Mimi nilikuwa na bahati, na Koko alikuwa na paji gumu.

Na wewe Riziki, unayejifanya mtu wa heshima. Ulipoanza kusema, nilikufundisha kwamba mgeni akiingia kwenye parsele, salamu yake ni "Umeleta nini?" Nilidhani ni mchezo wa mimi na wewe. Siku hiyo hiyo wakaja shehe na wazee wawili kumpa Koko pole ya msiba. Ukasimama mbele yao ukiwa na kaptula tu, ukauliza kwa sauti nzuri sana, kila silabi mahali pake. Shehe akatafuta mfukoni, akatoa peremende moja, akakupa. Kwa hiyo ikakuingia zaidi, na ikachukua mwezi kuitoa. Pale nikaelewa jambo: mtoto hachagui somo. Anachukua lote, lile ulilopanga na lile ulilofanya wakati ukidhani hakuangalii.

Sasa nifike kwa Koko.

Katika parsele yetu kulikuwa na sheria moja, ya Koko, na haikuandikwa popote: mtoto mzuri hasikiki. Mtoto akilia, Koko hakuuliza analilia nini. Alikuwa amekwisha fika, kiganja chake juu ya mdomo mdogo, taratibu, bila hasira, na macho yake yakiangalia barabara. Mimi nilikuwa nikimcheka. Nilimwita jenerali wa ukimya. Mama yangu aliponisikia akanikalisha chini, akanieleza, na hapa sitatania kwa dakika chache.

Wakati wa vita, mji ulipokuwa hauliki wala haulaliki, watu walikimbilia porini, njia ya Kibombo, mbali na reli. Mama yangu alikuwa msichana mdogo. Koko alikuwa na mimba, na Mwavita alizaliwa kule, kwenye kibanda cha majani, ndiyo maana ya jina lake. Wenye bunduki walikuwa wakipita kwenye vijia. Kilio cha mtoto mmoja kilitosha kuwaleta kwenye kambi nzima. Mama ambaye mtoto wake analia sana aliombwa ahamie mbali na wenzake, na wote walijua maana ya kuhamia mbali. Koko hakuhamishwa. Mkono wake ulihakikisha. Waliporudi Kindu, Mwavita alikuwa anatembea, anakimbia, na alikuwa akilia machozi tu, bila sauti. Amekuwa mtu mzima, ameolewa, amezaa, na mpaka leo ukitaka kumsikia lazima umwangalie.

Mtoto aliyezaa ni Idi.

Idi alikuwa mzuri kuliko watoto wote niliowabeba, na ninasema hivyo nikijua Riziki atanuna. Alitembea mapema. Alijua kila kifuniko ni cha sufuria gani. Lakini wenzake walipoanza kusema mama, tata, na mambo mengine ambayo mimi niliwafundisha na sitayarudia hapa, Idi alinyamaza. Watoto waliozaliwa baada yake wakampita. Mimi na mama mdogo tulimpeleka kituo cha afya. Muuguzi akapiga makofi nyuma ya kichwa chake, Idi akageuka. Akamfungua mdomo, akatazama chini ya ulimi, akasema ulimi ni mzima, masikio ni mazima, msemesheni sana, na mtu asimguse ulimi kwa wembe.

Alisema hivyo kwa sababu alikuwa amesikia habari za mipango ya baba wa Idi.

Papa Idi, baba yake, anachimba madini huko Kampene. Si mtu mbaya, nawaambia mapema msije mkamchukia. Alikuwa akipiga simu kila alipopata mtandao, na mama mdogo anaweka simu kwenye sikio la mtoto. Siku moja nilikuwa karibu, nikamsikia.

"Mwavita, huku kwenye shimo wenzangu wanapigia batoto simu. Batoto wanasema papa, papa, leta biskuti. Mimi ninapiga, ninasikia pumzi tu. Nikishuka Kindu, ninabeba mutoto mpaka kule kwetu Kama. Kule iko muzee mumoja anakata kamba ya chini ya ulimi. Wanasema anakata na mutoto anaongea."

"Muganga wa kituo amekataza," mama mdogo alisema.

"Muganga anaangalia ulimi. Mimi ninaangalia mutoto. Mutoto hasemi."

Simu ikakatika. Mama mdogo akabaki ameishika. Tulikuwa tumesikia habari za mtoto mmoja wa upande ule aliyekatwa akavimba mdomo mzima, akashindwa kunyonya. Hatukutaka kuulizana aliishia wapi.

Nikasema moyoni: Idi atasema kabla pikipiki itakayomleta baba yake haijafika hapa. Sikumwomba mtu ruhusa.

Muuguzi alisema tumsemeshe sana, na mimi, kati ya vipaji vyote ambavyo Mungu angeweza kunipa, alinipa hicho kimoja. Nilimsemesha Idi asubuhi mpaka jioni. Nikimbeba kwenda kuteka maji, nilikuwa ninasema. Nikitwanga sombe, ninasema. Nilimwigia mbuzi, nilimwigia mwalimu wa hesabu akitafuta miwani iliyo juu ya kichwa chake, nilimwigia mkuu wa avenyu akihutubia kuku. Idi alicheka. Alicheka kama mama yake, mabega tu. Na mgongoni mwangu, wakati wote, alikuwa ananigonga bega kwa vidole, tuku tuku tuku. Mimi nikadhani anapiga ngoma. Nikamtungia wimbo wa kufuata ngoma yake. Wimbo ulikuwa mzuri. Majirani wakaujua. Idi peke yake hakuimba.

Ikawa ndiyo majira yale habari za vita ya mashariki zilipoanza kujaa mjini tena. Kila mtu ana ndugu aliyekimbia. Familia zilifika na magodoro kichwani, zikalala madarasani kwetu, na sisi tukasomea chini ya miti. Koko aliweka redio kwenye sikio, akasikiliza, akazima, na mkono wake ukarudi kwenye midomo ya watoto kwa nguvu ya zamani. Mtu akiimba, mkono. Mtu akicheka, mkono. Hata mimi nilitazamwa vibaya.

Alasiri moja tairi la lori likapasuka kwenye barabara ya soko. Ninyi mlikuwapo. Mlikimbia mpaka mmoja wenu, simtaji, akaingia kwenye banda la nguruwe la jirani. Watu sokoni waliacha mihogo, waliacha viatu. Koko hakukimbia. Alikusanya watoto wote kama mtu anayeanua nguo mvua inapokuja, akatusukuma jikoni nyuma ya magunia ya mpunga. Mikono yake yote miwili ilikuwa juu ya midomo ya mapacha. Mgongoni mwangu mtoto Neema akaanza kulia.

Nilikuwa nimechutama, na Idi amesimama kando yangu. Aliinua mkono, akaweka kiganja chake wazi kwenye mgongo wa Neema. Hakupiga. Alikandamiza tu, akauacha pale, kama mtu mzima anayejua anachofanya. Neema akashangaa, akanyamaza.

Nje mtu akaanza kucheka, halafu wengi. Tairi. Tukatoka na utando wa buibui nyweleni. Koko akakaa kwenye kibao chake, na Idi akamfuata, akamgusa begani kwa ncha za vidole, tuku tuku. Koko akachukua kikombe, akachota maji kwenye bidoni, lile dumu letu, akampa. Idi akanywa mpaka mwisho.

Nikamsogelea Koko.

"Koko, umejuaje kama ana kiu?"

"Si ameniomba."

"Ameomba na nini? Mdomo umefungwa."

"Na mukono." Koko aliniangalia kama mtu anayeangalia mbuzi aliyekwama. "Weye hauna mabega? Anakugonga kila siku. Mimi nikazania unamunyima mayi makusudi."

Wadogo zangu, mtoto alikuwa ananiomba maji, na mimi nilimtungia wimbo.

Koko akanieleza, kwa sauti yake ya chini, kama vile pori bado lilikuwa nyuma ya choo. Kule mtoto alikuwa mgongoni mchana kutwa, na mama asingeweza kuuliza wala mtoto kujibu. Kwa hiyo wanawake walifundisha mikono. Vidole begani, maji. Kucha shingoni, njaa. Kuvuta sikio, nishushe. Kiganja kizima mgongoni, tulia, wanapita. Mwavita alijua yote kabla hajaota meno ya nyuma. Na Koko, akimlea Idi wakati mama yake yuko sokoni, alimfundisha bila hata kukusudia, jinsi mtu anavyofundisha kutembea kwake.

Yaani Idi alikuwa anasema siku zote. Profesa wa watoto wa Kindu ndiye aliyekuwa hasikii.

Nilifurahi mpaka nikataka kukimbia barabarani. Mtoto anayeomba maji kwa vidole ana maji kichwani tayari, kilichobaki ni kuyavalisha sauti. Tangu hapo nilifanya hivi, na hii ndiyo sehemu ya kushika hata kama mengine mtayaacha. Akinigusa bega, ninamshusha, ninachutama mpaka macho yake na yangu yawe sawa, ninasema, "Mayi. Unataka mayi." Halafu ninanyamaza. Ninangoja, ninamtazama kama vile zamu ni yake na mimi sina haraka. Akisema, vizuri. Asiposema, ninampa maji vilevile, nikitaja tena. Msimnyime mtoto maji ili aseme. Mtoto mwenye kiu hajifunzi maneno, anajifunza kwamba wewe ni mkatili. Ugumu wote uko kwenye kungoja. Kwangu mimi kunyamaza ni kazi kubwa kuliko kubeba mapacha mlimani.

Lakini mtoto alishinda na Koko zaidi kuliko na mimi, na Koko alikuwa akijibu vidole kwa kikombe, bila neno. Nikamwomba naye aseme. Akakataa.

"Nimufundishe kelele? Leo? Haujasikia redio?"

"Koko, ni neno moja. Mayi. Hata mbuzi anasema zaidi."

"Na wakirudi?"

Mimi nilizaliwa baada ya mambo hayo, vita yangu ni ya kusimuliwa na ya redio. Nilifungua mdomo niseme kichekesho, nikakosa. Aliyejibu ni mama mdogo Mwavita, ambaye alikuwa akipepeta mchele nyuma yetu na wote tulikuwa tumemsahau, kama kawaida.

"Mama," alisema, "mimi nilishanyamaza. Inatosha kwa nyumba nzima."

Koko alichukua ufagio akafagia mahali palipokuwa safi.

Kesho yake Idi akamgusa bega. Koko akaangalia barabara upande huu, akaangalia upande ule. Akachota maji. Kikombe kikiwa mkononi akasema, "Mayi," kwa uangalifu, kama mtu anayejaribu kiatu cha mwingine. Nilikuwa nyuma ya turubai. Niliuma kikwembe nisipige kelele.

Tukaendelea hivyo. Midomo ya Idi ikaanza kutikisika. Siku nyingine ikatoka "mm" ndogo, siku nyingine pumzi tu. Nilikuwa nikikaa mbele yake nikijibana, nikimngoja, mpaka marafiki zangu wakaniuliza kama ninaumwa. Na bado hakukuwa na neno siku ile baba yake aliposhuka kwenye pikipiki, matope mpaka magotini, na mkononi ameshika simu ya plastiki, ile ya kuchezea, ya rangi ya machungwa. Alikuwa ameibeba kifuani njia nzima.

Alichutama palepale. "Idi. Sema papa."

Idi akaangalia simu.

"Sema papa, nikupe."

"Papa Idi, yuko karibu," nikasema. "Anajua kuomba maji, anajua njaa, anajua yote, anafanya na mikono, na sasa midomo inatikisika, ukimngoja tu kidogo, jana alisema mm, na mm ni nusu ya..."

"Mauwa," akanikatiza, bila ubaya. Alikuwa amechoka. "Weye unasema ya batu wawili. Pengine maneno yake weye njo umebeba."

Eti mimi ndiye niliyeyabeba; watu wakacheka. Mimi pia nilicheka, lakini iliniingia. Alimpa mtoto simu hata hivyo. Halafu akasema kesho asubuhi wanaondoka kwenda Kama, na mama mdogo akaanza kukunja kaptula ndogo na kuzitia kwenye mfuko, moja moja, machozi yanashuka, hakuna sauti.

Asubuhi dereva wa pikipiki alikuwa mlangoni, injini inanguruma. Avenyu nzima ilitoka, maana watu wetu hawakosi kuaga; Koko alikaa kwenye kibao chake, nami nimechutama kando yake. Papa Idi akambeba mwanawe, akamweka juu ya mabega, mguu huku, mguu huku, akaanza kutembea. Idi akamvuta sikio.

"Aa, sikio yangu," baba yake alisema, akaendelea.

Idi akavuta sikio la pili, kwa nguvu.

Mimi nilijua. Nilijua kabisa mtoto anasema nini, lugha yake ninaielewa, na mdomo wangu ulikuwa umekwisha kufunguka nimtafsirie baba yake, nimpigie kelele dereva azime, niseme yote mara moja. Na mkono ukanifunika mdomo. Ulinuka mawese na moshi. Nilikuwa nimesikia habari za mkono huo tangu nizaliwe, lakini haukuwa umenigusa.

"Nyamaza weye," Koko alisema. Hakunong'ona. Alisema kwa sauti iliyofika kwa dereva, na dereva akazima injini. "Nyamaza. Mutoto iko anasema."

Papa Idi akasimama. Idi alishika masikio yote mawili ya baba yake, akavuta, na uso wake ukakunjamana kwa hasira ya mtu aliyeeleweka vibaya tangu azaliwe.

"Suka."

Baba yake akageuza kichwa, akatutazama sisi. "Nani amesema?"

Mimi nisingeweza kumjibu hata kama ningetaka, mkono wa Koko ulikuwa bado mdomoni.

"Suka," Idi alisema tena, yaani nishushe, kwa nguvu, na akampiga teke kifuani.

Papa Idi akapiga magoti kwenye udongo wenye maji, akamshusha. Idi akaja moja kwa moja kwa Koko, akamgusa bega kwa vidole, na midomo ikafanya kazi, na ikatoka: "Mayi." Koko alitaka kuinuka akashindwa. Mama mdogo ndiye aliyekimbilia bidoni, na kwa haraka yake akamwaga nusu ya kikombe. "Njo hii," alimwambia, na watu wa avenyu, ambao wengine hawakuwahi kumsikia, wakageuka kutazama nani anaongea. "Njo hii mayi yako."

Papa Idi alibaki magotini. Baadaye akamwuliza Koko, "Na mimi? Nikitaka aseme papa, inagongwa wapi?"

Koko aliutoa mkono wake mdomoni mwangu ndipo akajibu. "Hiyo haiko. Kule pori papa hawakuwako karibu ya kuitwa. Utaanza mupya."

Basi akaanza upya. Aliuchukua mkono wa mtoto, akauweka kifuani pake, juu ya matope, akasema, "Papa." Na akangoja. Idi hakusema. Baba yake aliendelea kungoja, na nikaona ya kwamba anajua kungoja kuliko mimi, labda ni kazi ya shimo inayofundisha. Mwishowe akasimama, akamwambia dereva aende, hakuna safari.

Alikaa nasi mpaka majani ya sombe ya Koko yakaisha shambani, halafu akarudi Kampene peke yake. Neno lile, papa, lilitoka kwenye simu, ile ya kweli, wiki nyingi baadaye, Idi akiwa ameshika ya machungwa kwenye sikio la pili. Sasa Papa Idi akipiga hapati nafasi ya kusema. Anaelezwa kuku, anaelezwa mayi, anaelezwa kwamba Shabani amekojoa. Kadi ya simu inaisha kabla ya habari.

Redio bado inasema yaleyale, na Koko bado anasikiliza. Lakini akina mama wanamletea watoto wengi zaidi, na watoto wa wale waliolala madarasani pia, na baadhi yao wanakuja na ukimya ule ninaoujua. Ndiyo sababu sitaki mbebe tu. Riziki, mmoja wao anakukwaruza shingoni kwa kucha kila saa, nimemwona jana. Si chawa. Ana njaa. Mshushe, mtazame, taja, halafu ufanye lile gumu.

Mimi nina mtihani. Jana nilikuwa chini ya turubai, ninasoma kwa sauti ili mambo yaingie, mito, milima, yote. Idi akaja nyuma yangu. Nikasikia kiganja kizima mgongoni mwangu, kimetulia, kama Koko alivyofundisha kule porini.

"Nyamaza, Ya Mauwa," alisema. "Mimi njo ninasema."

Nikafunga kitabu, nikamngoja.